Usingizi na Hofu ya Usiku Katika Mitaa ya Eastlands

Vitabu vya historia hutuambia ni nani aliyetawala, ni nani aliyepigana, na ni mwaka gani bendera moja ilishushwa na nyingine ikapandishwa. Ni mara chache vinapotuambia watu walilalaje. Walakini kila mwanadamu aliyepata kuishi duniani, awe mfalme au mpagazi, alitumia karibu theluthi ya maisha yake kitandani, mkekani, au juu ya sakafu tupu. Na kama theluthi hiyo ilikuwa ya hofu, hapana shaka theluthi mbili zilizobaki hazikuwa za raha. Kwa hiyo nakuomba, msomaji, tuitazame historia ya sehemu moja ya Nairobi kwa upande ambao si desturi kuutazama: upande wa usiku.

Yamkini wewe ni mmoja wa wale wanaoujua usiku kwa urefu wake. Taa imezimwa, majirani wamenyamaza, mtihani ni kesho. Unageukia ukuta, kisha unageukia mlango. Unahesabu saa zilizobaki kabla ya kucha: tano, nne, tatu. Kila unavyoutafuta usingizi ndivyo unavyokukimbia, na baada ya siku nyingi za namna hiyo huuogopi mtihani tena. Unakiogopa kitanda chenyewe. Jua likichwa tu moyo huanza kuuliza, "Je, leo nitalala?" Kama hali yako ni hiyo, usidhani kwamba wewe ni mdhaifu kuliko wenzako. Watu wengi sana katika mitaa ya Eastlands walikesha kabla yako, na sababu za kukesha kwao zimo katika historia ya mji wenyewe. Tukizifahamu sababu hizo tutaweza kutofautisha hofu ya kweli na kivuli chake. Na hapo ndipo tiba huanzia.

Nairobi ilizaliwa na reli. Mwaka 1899 reli iliyotoka Mombasa ilifika katika uwanda wenye kijito ambacho Wamasai walikiita kwa jina la maji baridi, na mafundi wakaweka kambi hapo kabla ya kupanda milima. Kambi ikawa mji. Wazungu walichagua vilima vya magharibi, penye udongo mwekundu na miti mingi. Kwa Waafrika zikatengwa sehemu za mashariki, penye udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, karibu na reli, karakana na viwanda. Hiyo ndiyo asili ya Eastlands. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Jina la Kariokor lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliochukua mizigo ya majeshi ya Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati kijiji cha Pangani kilipobomolewa na wenyeji wake kuhamishwa. Ziwani, Starehe na Kaloleni zilifuata katika miaka ya 1940, na baada yake Bahati, Mbotela, Ofafa na Jericho. Mtu asiyeijua mitaa hiyo, akisikia majina kama Starehe na Bahati, angedhani kwamba watu wake walilala fofofo.

Haikuwa hivyo. Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika kuwa mgeni mjini. Alitakiwa aje kufanya kazi, na kazi ikiisha arudi kwao. Mshahara wake ulipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na mke wala watoto, na makao yake yalipimwa vivyo hivyo. Nyumba nyingi zilijengwa kwa ajili ya wanaume peke yao, na mpangaji hakupangishwa chumba bali nafasi ya kitanda. Fikiri maana ya jambo hilo, msomaji. Chumba kimoja kidogo kililaza wanaume watatu au wanne kwa mujibu wa kanuni, na zaidi ya hao kwa mujibu wa dhiki, kwa maana ndugu akija mjini kutafuta kazi hakuweza kuambiwa alale barabarani. Mmoja aliamka saa tisa usiku kwenda karakana ya reli. Mwingine alirudi saa hiyo hiyo kutoka lindo lake. Mmoja alikoroma, mwingine alikohoa, na kunguni hawakumbagua yeyote. Mwenye kulala mchana kwa sababu ya zamu alilala katikati ya kelele za watoto na vishindo vya nyundo. Usingizi, ambao ni mali ya faragha kuliko mali zote, uliliwa hadharani kama chakula cha msibani.

Juu ya msongamano kulikuwa na hofu. Tangu baada ya Vita Kuu ya Kwanza kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande, cheti cha kuandikishwa kazini, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kisanduku cha chuma kama njuga ya mbuzi. Mjini kulikuwa na sheria za kumzuia Mwafrika asitembee usiku bila ya ruhusa, na askari walikuwa na desturi ya kuizukia mitaa usiku wa manane ili kuwatafuta wasiolipa kodi, wasio na vyeti, na wageni waliolala katika vyumba ambavyo si vyao. Katika desturi zetu mtu afikaye mlangoni hubisha hodi, akangoja mpaka aambiwe karibu. Askari wa usiku hakubisha hodi kwa maana hiyo. Aligonga, na pengine mlango ulifunguka kabla ya mwenye nyumba kusimama. Basi mtu aliyempokea ndugu yake chumbani alilala akiwa ametega sikio. Macho yamefumba, masikio yako macho: usingizi wa aina hiyo haumburudishi mtu.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilitangaza Hali ya Hatari, kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Kuanzia siku hiyo usiku wa Eastlands ulikuwa na hofu mbili zinazokabiliana. Wengine waliwaogopa askari wa serikali, wengine waliwaogopa wapiganaji, na wengi waliwaogopa wote wawili, kwa kuwa mlango mmoja uliweza kugongwa na upande wowote. Mitaa miwili ingali inatukumbusha siku hizo kwa majina yake. Tom Mbotela na Ambrose Ofafa walikuwa madiwani wa Nairobi. Wa kwanza aliuawa mwaka 1952, wa pili mwaka 1953. Watu walipohamia katika nyumba za Mbotela na Ofafa walikwenda kulala chini ya majina ya watu waliouawa.

Usiku uliokumbukwa kuliko yote ulikuwa ule wa kuamkia Jumamosi, tarehe 24 Aprili 1954. Kabla ya mapambazuko majeshi na polisi wapatao 25,000, chini ya amri ya Jenerali George Erskine, waliuzingira mji wa Nairobi. Jina la kazi hiyo lilikuwa Operation Anvil, maana yake ni fuawe, lile chuma ambalo mhunzi hulalia juu yake kitu atakachokipiga nyundo. Watu walitolewa vitandani, mtaa baada ya mtaa, wakaketishwa chini kwa safu. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wengine. Walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa vichwa kwa magunia yenye matundu ya macho. Mtu wa guniani akitikisa kichwa, maisha ya jirani yake yalibadilika papo hapo. Msako uliendelea kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa vizuizini, wengi wao Manyani na Mackinnon Road, na maelfu ya wanawake na watoto walirudishwa mashambani kwa nguvu.

Sasa uwafikirie wale waliobaki. Mume hayupo, au jirani wa ukuta wa pili hayupo. Kitanda chake ki wazi, na hapana ajuaye kama atarudi. Hali ya Hatari haikuondolewa mpaka Januari 1960; yaani mtoto aliyezaliwa katika mwezi ilipotangazwa alikuwa na umri wa miaka saba ilipokwisha, wala hakuwa amepata kuujua usiku wa amani. Katika miaka hiyo yote mwili ulijifunza somo moja kila siku: usiku ukiingia, kaa tayari. Na mwili, msomaji, ni mwanafunzi mwenye bidii kupita kiasi. Hujifunza upesi kuogopa, lakini husahau polepole. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Askari akiondoka, sauti ya viatu hubaki masikioni. Na mlango ukigongwa na mke aliyechelewa sokoni, moyo hupiga kama siku ile ya Aprili.

Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963. Kipande kilikuwa kimekwisha kufutwa, na Mwafrika akawa mwenyeji katika mji alioujenga. Watu waliruhusiwa kulala na wake zao na watoto wao bila ya kuomba idhini ya mtu. Mji ukapanuka: mwaka 1948 Nairobi ilikuwa na watu wapatao 119,000, hesabu ya mwaka 2019 ilipata karibu 4,400,000. Katika miaka ya 1970 zilianza kujengwa nyumba za Buru Buru, Umoja na Dandora, na Eastlands ikaenea mashariki mbali sana kuliko walivyofikiri wale waliochora ramani ya kwanza.

Hata hivyo usiku haukuacha kuwa na mambo yake. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, baadhi ya askari wa jeshi la anga walijaribu kuipindua serikali, na watu waliolala karibu na kambi ya ndege ya Eastleigh waliamshwa na milio ya bunduki. Tarehe 27 Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ilianza amri ya kutotoka nje kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Wazee waliokuwa watoto katika miaka ya 1950 hawakuhitaji kuelezwa neno kafyu. Siku chache baadaye, huko Kiamaiko, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya kwao usiku. Mwezi Mei wa mwaka huo huo nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa Kariobangi. Mwezi Aprili 2024 mto wa Mathare ulifurika usiku, na watu wakayaamkia maji yaliyokwisha kuingia vyumbani. Na mbali ya mambo hayo makubwa liko lile dogo la kila mwezi, kodi ya nyumba. Methali husema kwamba usiku wa deni haukawii kucha. Mwenye kudaiwa huutaka usiku urefuke, nao usingizi haumjii ili aufaidi.

Nimeyataja hayo ili uone kwamba kukosa usingizi si jambo geni, wala mara zote si ugonjwa. Kukesha ni kazi ya kale ya mwanadamu. Karibu na Ziwa Eyasi, katika nchi ya Tanzania, wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao hata leo hupata riziki kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2017, wataalamu waliwavika watu wazima 33 wa jamii hiyo vyombo vya kupimia usingizi kwa muda wa siku 20. Waliona kwamba katika siku hizo zote dakika ambazo watu wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Wakati wowote mwingine palikuwapo mtu aliye macho: huyu hajalala, yule ameamka mapema, mwingine anageuka. Hapana aliyewapangia zamu. Maumbile ndiyo yaliyowapangia, ili simba asiwakute wote wamelala. Kwa hiyo uwezo wa kukesha panapo hatari ni silaha tuliyorithi kwa wazee wetu. Mama wa Bahati aliyekesha mwaka 1954 hakuwa mgonjwa. Alikuwa mlinzi.

Shida huja mlinzi anapokosa kuambiwa kwamba zamu yake imekwisha. Mwaka 1987 mtaalamu wa Marekani aitwaye Arthur Spielman, pamoja na wenzake, alieleza jambo hili kwa mambo matatu. La kwanza ni maelekeo ya mtu: wengine huzaliwa wakiwa wepesi wa kushtuka. La pili ni tukio linalowasha moto: msiba, vita, mtihani, ugonjwa. La tatu ni mazoea yanayouchochea moto huo baada ya tukio kupita. Mtu aliyekosa usingizi huanza kulala mapema mno ili alipize, hulala mchana, huchelewa kuamka, hukaa kitandani saa nyingi akiwa macho, na kila usiku huitazama saa. Kila moja katika hayo huonekana kuwa ni dawa, kumbe ni kuni. Kitanda, ambacho kilikuwa mahali pa kupumzikia, hugeuka kuwa mahali pa kuhangaikia. Na baadaye kukiona tu kunatosha kuuamsha moyo.

Je, watu wa kale wa Eastlands walifanyaje? Hawakuwa na vitabu vya elimu hii, lakini walikuwa na hekima ya kutokuwa peke yao. Katika Pumwani, ambako nyumba nyingi zilikuwa mali ya Waislamu, na nyingi katika hizo mali ya wanawake, barazani palikuwa na mazungumzo baada ya sala ya isha. Mahali pengine palikuwa na nyimbo za makanisani, na ngoma katika kumbi za mitaa. Vyama kama Luo Union viliwaunganisha watu waliotoka pande moja, wakasaidiana katika misiba na kupokeana mjini. Ukumbi wa Kaloleni ulikutanisha watu kwa siasa na kwa burudani. Mambo hayo hayakuondoa sheria mbaya kwa usiku mmoja, lakini yalimpa mtu jambo ambalo usingizi unalihitaji: kujua kwamba akifumba macho yuko mwingine aliye macho kwa ajili yake. Hofu ikisemwa mbele ya jirani hupungua uzito. Ikifungiwa chumbani hukua.

Elimu ya leo imeongeza hapo mambo kadhaa, nami nitayataja kwa kuwa yatakufaa. Kwanza, amka saa ile ile kila siku, hata kama umelala kidogo, hata siku ya Jumapili. Mwili una saa yake ya ndani, na saa hiyo hurekebishwa na nuru ya asubuhi kuliko kitu kingine. Pili, usiende kitandani kabla ya kusinzia, na ukiona usingizi hauji, ondoka. Shauri hili lilitolewa na Richard Bootzin mwaka 1972, nalo linatumiwa hata sasa. Utaniambia, "Sisi tuko watano katika chumba kimoja, nitaondoka niende wapi?" Hoja yako ni ya haki. Basi inuka ukae kitako, ushushe miguu chini, usome kitu chepesi au utulie gizani mpaka kope ziwe nzito. Kisha ulale tena. Maana yake si kutembea, bali ni kuufundisha mwili kwamba kulala ni kulala, na kukesha ni kukesha.

Tatu, usiitazame saa, na simu iweke mbali na mto wako. Kuhesabu saa zilizobaki hakujamletea mtu usingizi, humletea mashaka. Nne, kabla ya usiku kuingia, chukua daftari uandike yanayokusumbua na jambo moja utakalolifanya kesho juu ya kila moja. Wasiwasi ulioandikwa hauna haja ya kukuamsha ili usisahauliwe. Tano, chai ya rangi na kahawa uziache mapema, na usingizi wa mchana uufupishe. Mwaka 2016 chama cha madaktari cha Marekani kiitwacho American College of Physicians kilitoa shauri kwamba mtu mzima mwenye maradhi ya kukosa usingizi ya muda mrefu atibiwe kwanza kwa mafunzo ya namna hii, kabla ya kupewa vidonge. Ikiwa unakosa usingizi angalau siku tatu za juma kwa miezi mitatu, na mchana kazi zako zinaharibika, usione haya kwenda zahanati ukasema hivyo. Maradhi hayo yana jina na yana tiba.

Liko shauri moja zaidi, nalo ni la ajabu. Daktari Viktor Frankl wa Vienna, ambaye mwenyewe aliokoka katika kambi za Wanazi wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliwaambia wagonjwa wake waliohofu kutolala kwamba wasijaribu kulala. Walale chini gizani, macho yao wazi, wakusudie kukesha. Wengi walishangaa kuona kwamba usingizi uliwajia. Sababu yake si uchawi. Kulala si kazi inayofanywa kwa nguvu, kama kupanda mlima. Ni kuacha kufanya kazi. Mtu anayejilazimisha kulala ni kama yule askari wa usiku: anaugonga mlango wa usingizi kwa rungu, kisha anastaajabu kwa nini haufunguliwi. Mbishie hodi, ungoje. Hata mwili uliotulia bila ya kulala unapumzika kidogo, na usiku mmoja mbaya haujamwangusha mwanafunzi aliyesoma kwa mwaka mzima.

Lakini nisikuache, msomaji, ukidhani kwamba mambo yote ya usiku hutibiwa kwa mazoea ya kitanda. Hapo wengi wamekosea, kwa njia mbili. Wa kwanza ni yule amwambiaye mtu ambaye nyumba yake itabomolewa kesho, "Tuliza moyo wako, ulale." Moyo wa mtu huyo umetulia vya kutosha, unasema kweli. Dawa ya hofu yake si pumzi ndefu bali haki. Ndiyo maana mwaka 1954, katika mwaka ule ule wa msako, kamati ya serikali iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilishauri kwamba mshahara wa mfanyakazi Mwafrika utosheleze mahitaji ya jamaa yake, usiwe wa mtu mmoja tu. Hilo lilikuwa shauri la mishahara, lakini ukilifikiri sana utaona kwamba lilikuwa pia shauri la usingizi: baba alale katika nyumba moja na watoto wake, wala asikeshe akihesabu senti. Wa pili akoseaye ni yule ambaye hatari yake imekwisha kupita, naye anaendelea kukesha akingoja dunia yote itengenee kwanza. Dunia haitatengenea usiku wa leo. Mtu huyo analinda mlango ambao hapana tena anayeugonga.

Kwa hiyo usiku unapokuwa mrefu, jiulize swali moja: je, yuko mtu mlangoni, au ni kumbukumbu ya mtu? Kama yuko, kama ni maji, au deni, au mtu anayekudhuru, basi kukesha kwako ni halali. Amka, mwambie mzazi, mwalimu au jirani, mtafute pamoja lililo la kufanywa, kwa maana jambo hilo halikuwekwa juu ya mabega yako peke yako. Kama hayupo, mshukuru mlinzi aliye ndani yako kwa uaminifu wake, umwambie kwamba zamu imekwisha.

Kafyu ya korona iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Tarehe hiyo ndiyo Sikukuu ya Mashujaa, na ndiyo ile ile ambayo Hali ya Hatari ilitangazwa mwaka 1952. Katika siku moja ya kalenda usiku wa Eastlands ulifungwa mara moja, na mara nyingine ukafunguliwa. Katika sikukuu hiyo tunawakumbuka waliopigana msituni na waliofungwa vizuizini, nayo ni haki yao. Ukipenda, wakumbuke pia wale ambao majina yao hayakuandikwa popote: waliokaa gizani katika vyumba vya Shauri Moyo na Bahati, wakisikiliza viatu vinapita, wakamfunika mtoto shuka, wakangoja kuche, na kulipokucha wakaenda kazini. Mtoto yule alilala kwa sababu wao walikesha. Pengine mtoto yule alikuwa babu yako.